Matangazo yamezidi au linki imegoma? Anza kwa kujua nani kaingia katikati

Wadau, hii naiandikia kibandani kwangu Makoroboi hapa Mwanza, umeme umekatika, simu ina asilimia 31, kwa hiyo mkiona herufi imeruka mnivumilie. Napigiwa sana simu za aina mbili. Ya kwanza, "fundi matangazo yamezidi, bando linaisha hata sijaangalia kitu". Ya pili huwa inakuja wiki moja au mbili baadae na mara nyingi ni mtu yule yule, "fundi ulinifanyia nini, kuna linki hazifunguki". Kuna na malalamiko ya tatu ambayo mlalamikaji ni mimi mwenyewe, hayo yako huko mbele, sababu nina kapeji kangu ka vifaa vya simu nakoweka linki za kamisheni, na kuna miezi miwili nilikula sifuri nikalaumu kila mtu kumbe mchawi nipo naye kwenye kiti changu.

Kabla hujainstoli bloka yoyote, yaani kizuia matangazo, jiulize kitu kimoja tu, hilo tangazo limepita mlango gani. Kuna tangazo lililomo ndani ya tovuti, kuna linalokuja kama arifa juu ya kioo, na kuna linaloletwa na apu iliyomo kwenye simu. Dawa ya mlango mmoja haitibu mwingine, na nusu ya watu wanaokuja hapa wamejaza bloka tatu kwa ugonjwa ambao sio wa brauza kabisa.

Tangazo linajaa kioo kizima hata sijafungua brauza

Hii ni apu. Sio tovuti, sio mtandao wa simu, sio kwamba "wamekuhaki". Kuna apu umeiweka, mara nyingi ya tochi, ya kusafisha simu, ya kuongeza betri, au ile ya kuangalia mpira bure uliyotumiwa na mshkaji kwenye WhatsApp kama faili la APK, na hiyo ndio inajilipa kupitia kioo chako.

Kuikamata, tangazo likitokea usilifunge kwa hasira. Bonyeza kile kitufe cha kuonyesha apu zilizofunguka, utaona jina au ikoni ya aliyelileta. Wajanja wengine wanaweka ikoni tupu isiyo na jina, hapo nenda kwenye mipangilio utafute ruhusa ya kuonekana juu ya apu nyingine, uone nani kapewa. Apu ya tochi haina sababu ya kukaa juu ya apu nyingine, ifute. Ikigoma kufutika washa simu kwa seif modi, huko apu ulizoongeza mwenyewe zinakuwa zimelala, ukiona matangazo yamekata ujue kweli ni moja ya hizo, unaanza kufuta ya mwisho kuwekwa unarudi nyuma. Alafu pitisha Play Protect, ile ya kukagua apu iliyomo kwenye Play Store.

"Simu yako ina virusi 13, safisha sasa"

Mzee mmoja kutoka Sengerema alivuka kuja huku kwa ajili ya hii tu, kashika simu kwa vidole viwili kama vile virusi vinaambukiza. Simu haikuwa na kirusi hata kimoja. Siku moja aliingia tovuti ya matokeo ya mpira, ikamwambia bonyeza Ruhusu kuthibitisha wewe sio roboti, akabonyeza, na ile Ruhusu ilikuwa ruhusa ya kumtumia arifa. Basi kuanzia siku hiyo ikawa kila baada ya dakika kadhaa anaambiwa anakufa.

Shikilia hiyo arifa bila kuiachia, utaona jina la tovuti iliyoituma na sehemu ya kuizima. Au ingia Chrome, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa, utakuta orodha ya waliopewa ruhusa, toa wote usiowajua. Dakika moja imeisha. Mi huwa nazima kabisa tovuti zisiombe ruhusa ya arifa, sijawahi kukutana na mtu aliyeikumbuka.

Nimeweka bloka lakini matangazo yapo pale pale

Hapa sababu ni nyingi, twende moja moja.

Kama ni Chrome ya kwenye simu ya Android, Chrome hiyo haipokei viendelezi, vile vijiprogramu vya kuongeza ndani ya brauza, kwa hiyo hiyo "adblock" uliyodaunlodi Play Store ni apu inayojitegemea na haiwezi kuingia ndani ya Chrome yako kama unavyodhani. Ukitaka bloka ya kweli ndani ya brauza kwenye Android weka Firefox uongeze uBlock Origin, au tumia Brave, au Opera ambayo bloka yake imo ndani tayari, unaiwasha tu kwenye mipangilio. Opera Mini watu wengi huku wanayo siku nyingi kwa ajili ya kubana MB, lakini ukiwauliza kama wamewahi kuwasha ile ya kuzuia matangazo wanakuangalia tu.

Kama ni kompyuta, na uBlock Origin ilikuwa inapiga kazi vizuri alafu siku moja ikazimika yenyewe kwenye Chrome, hujakosea kitu. Google wamebadilisha kanuni za viendelezi, toleo jipya linaitwa Manifest V3. Zamani kiendelezi kilikuwa kinasimama mlangoni, kila ombi linalotoka kwenye ukurasa kinalikagua na kuamua chenyewe papo hapo. Siku hizi kinaikabidhi brauza orodha ya sheria mapema na brauza ndio inakagua. Raymond Hill aliyetengeneza uBlock Origin tangu 2014 katoa toleo dogo linalofuata kanuni mpya, uBlock Origin Lite, linafaa kwa matumizi ya kawaida ila sio mkali kama kaka yake. Firefox bado inamkubali yule mkubwa.

Kama unatumia Adblock Plus na unaona vitangazo vidogo vidogo vinapita, hiyo nayo sio hitilafu. Tangu 2011 wana mpango wa "matangazo yanayokubalika", yale yasiyopiga kelele wanayaacha yapite, na baadhi ya kampuni kubwa zinalipia kuwemo. Inakuja ikiwa imewashwa tayari. Ingia mipangilio utoe tiki kama hutaki. Sisemi ni wizi, ila jambo la namna hiyo mtu alipaswa kuulizwa kabla.

Na kama umezuia kwa DNS tu, yaani ile huduma inayoiambia simu jina la tovuti liko kwenye seva gani, usitegemee YouTube au Facebook zisafishike. Tangazo lao linatoka kwenye seva zile zile za video na posti, DNS haiwezi kumtoa sangara mmoja ndani ya nyavu bila kufungua nyavu.

Nikiunganisha waifai ya hoteli intaneti inakufa

Karibu kila mara ni Private DNS. Kuanzia Android 9 kuna sehemu hiyo kwenye mipangilio ya mtandao, unaandika anwani kama dns.adguard-dns.com na matangazo mengi yanapotea kwenye simu nzima, kwenye apu pia, bila kuinstoli kitu. Nzuri mno na haina gharama. Ubaya wake, waifai nyingi za hotelini na ofisini zinataka kwanza zikupeleke kwenye ukurasa wao wa kuweka paswedi, na ili zikupeleke zinahitaji DNS yao ndio ijibu. Simu yako imeapa haiulizi mtu mwingine zaidi ya yule uliyemwandika, kwa hiyo mnabaki mnatazamana. Rudisha kwenye otomatiki, logini, kisha uirudishe DNS yako. Mtandao mwingine unafunga kabisa njia hiyo, hapo hata ukishalogini haitakubali, chagua moja, waifai yao au bloka yako.

Linki ya bidhaa haifunguki, au inafungua ukurasa mweupe

Sasa tumefika kwenye jambo langu.

Ukienda Mwaloni pale Kirumba kutafuta dagaa wa jumla na huna mwenyeji, kuna jamaa atakupokea akupeleke kwa mwenye mzigo, mkimalizana mwenye mzigo anamkatia chake. Linki ya afilieti ndio huyo jamaa. Mtu anakuonyesha chaja au kava, unabonyeza linki yake, ukinunua duka linamlipa asilimia kidogo na wewe bei yako inabaki ile ile. Amazon wanafanya hivi tangu 1996, siku hizi AliExpress na maduka mengi ya mtandaoni wana mpango wa namna hiyo.

Swali ni duka linamjuaje dalali. Njia moja ni alama iliyobandikwa mwishoni mwa anwani, kwa Amazon utaona tag= alafu jina la dalali. Njia nyingine ni kwamba ukibonyeza hauendi dukani moja kwa moja, unapitishwa kwanza kwenye domeni ya kati inayohesabu mbonyezo, inakuachia kuki kwenye brauza, kijifaili cha kukukumbuka, ndio inakurusha dukani, yote kwa sekunde moja hata huoni. Na hizo domeni za kati nyingi zimo kwenye orodha nyeusi za bloka, sababu kazi yake ni kuhesabu na kufuatilia watu, orodha haijali anayefuatiliwa ni wa dalali mdogo wa Mwanza au wa kampuni kubwa ya matangazo.

Kwa hiyo dalili zake ni hizi. Ukipata ujumbe kwamba anwani ya seva haikupatikana, wenye maandishi ya NXDOMAIN, yaani jina hilo halipo, mara nyingi ni DNS imekataa kumtambua wa kati. Ukipata ukurasa wa uBlock Origin unaokwambia imezuia kufungua, yenyewe ni mwaminifu, inakuonyesha anwani na kukupa nafasi ya kupita mara hii tu au siku zote. Ukipelekwa ukurasa wa mbele wa duka badala ya bidhaa, hapo mara nyingi linki ni mbovu au bidhaa imeondolewa, bloka usiisingizie.

Jaribio la haraka, washa data ya simu, zima Private DNS, fungua linki ile ile kwenye dirisha fiche. Ikifunguka, mzuiaji ni wewe. Isipofunguka, mwambie mwenye linki.

Watu wanabonyeza lakini kamisheni haiji

Hii ndio ilinila mimi. Ngoja niseme ukweli wote. Nilikuwa nachukua simu za wateja, nawawekea ile DNS bure kama ofa, wanafurahi matangazo yamekata, wananisifia mpaka kwa majirani zao Igoma na Buzuruga. Simu kama 30 hivi. Alafu hao hao ndio nawatumia linki zangu kwenye status, "kava za kisasa bonyeza hapa". Wanabonyeza, haifunguki, wanaona aibu kuniambia au wanadhani ni mtandao, wanaachana nayo. Nikakaa miezi miwili naangalia dashibodi, mbonyezo sifuri, nikaanza kuandika meseji za lawama kwa mwenye mpango. Siku moja dada mmoja wa Nyegezi ndio kaniambia "fundi mbona linki zako peke yake ndio hazifunguki kwangu". Nikachukua simu yake, nikaangalia DNS, nikakuta maandishi yangu mwenyewe.

Kuzuia hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba sikuwaambia nimezuia nini, hakuna aliyechagua, niliwachagulia.

Basi ukiwa na tatizo hili anza na namba mbili kwenye dashibodi, mbonyezo na mauzo, zisome tofauti.

Mbonyezo sifuri wakati una uhakika watu wamebonyeza, linki inafia njiani, rudi kwenye kipengele kilichopita. Mbonyezo upo ila mauzo hayapo, shida iko baada ya mtu kufika dukani, na hapo kuna wakabaji kadhaa. Muda ni wa kwanza, Amazon kwa kawaida wanakupa saa 24 tangu mtu abonyeze, akiweka mzigo kwenye kikapu ndani ya muda huo inaongezeka, akirudi baada ya siku tatu kuanza upya duka halikujui tena. Mkabaji wa pili ni brauza za ndani ya apu. Mtu akibonyeza linki ndani ya Instagram au Facebook inafungukia kwenye kibrauza cha humo humo, kuki inabaki humo, alafu jioni anafungua Chrome ananunua, duka linaona mgeni mpya kabisa. Mwambie mteja afungue kwenye brauza yake ya kawaida, kuna vidoti vitatu juu kulia.

Wa tatu ni kuki zenyewe. Safari, brauza ya iPhone, inafunga kuki zote za watu wa pembeni, zile zisizo za tovuti uliyoifungua, tangu Machi 2020, Firefox nayo imewabana wafuatiliaji. Chrome walisema watazitoa, wakaahirisha, 2024 wakabadili mawazo. Mpango wowote wa afilieti unaotegemea kuki ya aina hiyo peke yake umepitwa, hamia kwenye unaotumia alama ya kwenye anwani au kuki ya duka lenyewe.

Kuhusu kusafisha anwani watu wanachanganya. iPhone tangu iOS 17 ya 2023 inakata vipande vya kufuatilia kwenye linki za Mail, Messages na Safari ya faragha, Firefox ina sehemu ya kunakili linki bila ufuatiliaji. Lakini zinalenga zaidi vile vipande vinavyomtambulisha mbonyezaji mmoja mmoja, kama fbclid ya Facebook na gclid ya Google. Alama ya dalali, ile tag=, inasema tu nani kakuleta, haisemi wewe ni nani, na mara nyingi inapona. Kwangu mimi hizo ni kesi mbili tofauti. Jamaa wa Mwaloni kulipwa kwa kunileta sawa, ila akianza kunifuata mpaka nyumbani Mabatini aone napika nini, tutagombana.

Alafu kuna mkabaji wa nne, anayesimama getini. Kwenye udalali huu kawaida anayelipwa ni wa mwisho kubonyezwa. Umemleta mteja umbali wote, umemwelezea, akafika kulipa, kiendelezi cha kuponi kikaibuka "tukutafutie punguzo?", akabonyeza, hata kama punguzo hakuna alama inaweza kubadilishwa kuwa ya kiendelezi. Honey, kiendelezi kimojawapo cha kuponi, iliyonunuliwa na PayPal kwa karibu dola bilioni 4 mwaka 2020, ilituhumiwa hivyo hivyo kwenye video moja ya YouTube iliyovuma Desemba 2024, na Machi 2025 Google wakakaza kanuni za Chrome, kiendelezi kisiweke alama ya afilieti bila mtumiaji kufanya kitendo na bila yeye kufaidika waziwazi. Ukijaribu linki yako mwenyewe, jaribu kwenye brauza isiyo na kiendelezi cha kuponi.

Brauza inaandika anwani nisiyoiandika

Inatokea. Juni 2020 watumiaji wa Brave waligundua wakianza kuandika anwani ya Binance, soko la sarafu za kidijitali, brauza inaimalizia yenyewe ikiwa na alama ya afilieti ya Brave. Bosi wao Brendan Eich alikiri ni kosa, wakairekebisha. Naitaja sababu ni brauza nzuri na bado nawawekea watu, ila ukiniuliza kosa lile na la kwangu la DNS ni ndugu, mmoja aliongeza alama na mwingine alikata, wote kimya kimya.

Kuangalia ni rahisi, andika jina la duka, kabla ya kubonyeza kuingia soma anwani yote iliyojitokeza. Ukiona mkia wa ref= au tag= ambao hujauandika, zima ile ya kupendekeza anwani. Na zile ikoni za maduka zinazokuja zimepangwa kwenye ukurasa wa kwanza wa brauza za simu mpya, nyingi zimelipiwa, zishikilie uzifute.

Tovuti inasema zima bloka, au fomu ya malipo haisogei

Fomu ikigoma kusogea, zima bloka kwa tovuti hiyo tu, kwenye uBlock Origin ni kile kitufe kikubwa cha kuwasha, kisha ufungue ukurasa upya. Usizime bloka ya simu nzima kwa ajili ya duka moja. Wanaoomba uzime ili usome, hiyo ni biashara yao, una hiari ya kuwaruhusu au kuondoka. Mimi waandishi wawili watatu ninaowasoma kila siku nimewaruhusu, mwenye video inayojicheza yenyewe na kula MB zangu simruhusu hata aombe kwa machozi.

Na yale mabango ya kuki, kama kitufe cha Kubali ni kikubwa cha kijani na Kataa kimefichwa, tafuta, mara nyingi kipo ukurasa wa pili. Bongo nako tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023 na ina tume yake, kwa hiyo tovuti ya hapa nyumbani inayokusanya taarifa zako nayo inabanwa.

Siku hizi mteja akikaa namuuliza kabla sijagusa kitu. Nikuzuilie simu nzima kwa DNS, linki za madalali zitakufa baadhi, zangu zikiwemo? Au ndani ya brauza tu, ambapo unaweza kuruhusu unayemtaka? Au tufute tu hizi apu za ovyo? Wengi wanachagua ya pili. Yule dada wa Nyegezi alichagua ya kwanza, na akaniambia kava akilitaka atakuja kibandani tupatane bei.

Simu ya Android 8 kurudi nyuma hiyo Private DNS hautaiona, usihangaike kuitafuta, nenda na Firefox kama simu yako bado inaikubali.